Kigingi cha Bluu na Bwawa la Mama Mkwe

Jumapili, 2 Juni

Mke wangu amepokea simu. Mama yake anakuja Jumamosi, atakaa miezi miwili. Ila hajaamua kama atafikia kwetu au kwa dada mkubwa wa mke wangu, yule mwenye nyumba ya vigae. Kasema atapita kwetu kwanza, aone, halafu ataamua.

Aone! Kama vile anakuja kununua ng'ombe.

Tangu tuoane, mama mkwe hajalala kwetu hata siku moja. Kila akija husimama uani, akageuza shingo huku na huku, akauliza hapa mtu anakaa wapi. Kisha huyoo, kwa dada mkubwa. Mke wangu humsindikiza mpaka kona, na akirudi anaosha vyombo ambavyo alishaviosha. Siwezi kumwangalia akiosha vyombo vile. Roho inaniuma. Safari hii nimeapa, mama analala hapa.

Wazo limeniingia nikiwa katikati ya chakula. Bwawa la samaki! Mama mkwe alikulia kwenye nyumba yenye bwawa, na hadi leo akiwataja samaki wa marehemu baba yake sauti inamlainika. Namchimbia bwawa uani, namwekea kiti pembeni, kwisha kazi. Vigae atavikumbuka nani?

Nimemweleza mke wangu. Amesema mama yake anataka kitanda kisichopiga kelele na mtu wa kuzungumza naye, basi. Ni mwanamke mwema lakini mipango mikubwa haimwingii. Mimi watu hawaniiti Bwana Mipango bure.

Kikwazo ni kimoja tu. Katikati ya ua wetu, pale pale bwawa linapotakiwa kukaa, kuna kigingi cha bluu cha idara ya maji. Kimeandikwa: BOMBA KUU CHINI. USICHIMBE. PIGA SIMU KWANZA. Miaka yote hii tumekuwa tukikianikia soksi.

Jumatatu, 3 Juni

Kuanzia leo mimi ni balozi wa bomba. Si mzaha.

Asubuhi kulikuwa na mkutano wa mtaa. Mkaguzi wa mabomba alikuja, mama mwembamba mwenye makopo ya rangi ya kupuliza kiunoni. Akaeleza kwamba bomba linalopita chini ya mtaa wetu linalisha nyumba zote za upande wa pili wa kilima, pamoja na zahanati. Na watu wanalitoboa kila leo. Huyu anasimika uzio, yule anachimba choo, mwingine anajenga kibanda. Kwa hiyo sasa hakuna kubembelezana. Anayetaka kuchimba apige simu, watakuja na kifaa chao kinacholia kikipita juu ya bomba, wapake rangi ardhini, na hawadai chochote. Atakayechimba bila rangi atashtakiwa. Akatuimbisha kama watoto wa chekechea: piga simu, subiri rangi, ndipo uchimbe.

Akaomba mtu mmoja wa kujitolea kuwaelimisha wenzake. Mikono miwili ikapanda, wangu na wa Mstaafu. Mstaafu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alifanya kazi posta maisha yake yote na anapiga pasi hata kaptura za kulalia. Akatakiwa aseme kwa nini anafaa. Akaanza na siku aliyoajiriwa. Alipofika kwenye uhamisho wake wa kwanza watu wakaanza kulitaja jina langu kwa nguvu, wapate kurudi nyumbani.

Nimepewa kizibao cha njano kinachong'aa na kipaza sauti cha mkononi. Mstaafu alinipa mkono wa pongezi kama anayeshika samaki aliyeoza.

Sikulaza damu. Mchana nikamfuma kinyozi anachimba shimo la kusimika bango lake. Nikamwashia kipaza sauti akiwa amenipa mgongo. Sululu ilimtoka mkononi. Nikamsomea sheria yote, na nyingine nilizitunga papo hapo. Akafukia shimo lake huku wateja wake wanamtazama wakiwa wamenyolewa nusu. Nilijisikia vizuri mno, nikatamani kila mtu achimbe.

Nikiwa narudi nyumbani nikajiuliza kama na mimi nipige simu kuhusu bwawa. Nikalitazama jambo kwa utulivu. Nikipiga, watakuja. Wakija, watapaka rangi. Wakipaka, bwawa limekufa. Lakini nisipouliza, hakuna aliyenikataza. Na sheria hii imetungwa kwa wasiojua bomba lilipo. Mimi najua, nimekianikia soksi kigingi chake.

Nimeshanunua vifaranga vya samaki. Wako kwenye beseni chini ya meza. Mke wangu ameuliza watakaa hapo hadi lini. Nimemwambia hadi wazoee.

Jumanne, 4 Juni

Nimefanya jambo la akili sana leo.

Tatizo si bomba. Tatizo ni kigingi. Mama mkwe akiingia akaona limti la bluu limemwandikia USICHIMBE, atajisikiaje? Na mkaguzi akichungulia akaona bwawa limepakana na kigingi, ataanza maneno. Kwa hiyo kigingi kihame.

Nikasubiri Mstaafu aende kunyolewa. Nikakitikisa, nikakikumbatia, tukapigana mweleka mpaka kikatoka. Nikaruka nacho ukuta. Nikakisimika katikati ya ua wa Mstaafu, pale alipofyeka ili ajenge banda la kuku. Majogoo sita aliotaka kuleta! Usingizi wa mama mkwe nimeulinda kabla hajafika.

Mimi si mtu wa ovyo, sikusahau usalama. Pale kigingi kilipokuwa nimefunika ndoo yetu ya plastiki, iwe alama yangu binafsi. Bomba linatoka barabarani, linapita chini ya ndoo, linaendelea nyuma. Bwawa nitalichimba kando, karibu na ukuta, mbali na ndoo. Nani kasema sisi mabalozi hatujali?

Jioni nilipita mtaani na kipaza sauti nikihimiza watu waheshimu alama za bomba. Walinisikiliza vizuri.

Jumatano, 5 Juni

Nilikaa ukutani tangu asubuhi nikisubiri Mstaafu apandwe na mori. Nilishaandaa na uso wa mshangao.

Hakupandwa na chochote. Alikitazama kigingi kwa muda mrefu, akakizunguka, akavaa miwani akakisoma. Kisha akaenda ndani akarudi na kitambaa. Amekifuta kigingi! Amekipangia vijiwe vyeupe kukizunguka! Banda la kuku ameliahirisha bila kuambiwa na mtu. Akipita mtu njiani anamwita, anamwonyesha, anamwambia kumbe bomba kuu linapita kwake na yeye miaka yote hakujua, na kwamba raia mwema hachimbi hata shimo la mchicha mpaka apate rangi. Watu wanatikisa vichwa kwa heshima.

Nimeona wivu. Naandika ukweli, shajara ni yangu. Kigingi kile ni changu. Kwangu kilikuwa na soksi, kwake kimekuwa mnara wa kumbukumbu.

Baya zaidi, amepiga simu. Mkaguzi anakuja kesho.

Mke wangu amefua mablanketi ya mgeni kutwa nzima. Aliniomba nimsaidie kukamua. Nikamwambia nina mawazo.

Alhamisi, 6 Juni

Mkaguzi alikuja na kifaa chake. Akakitembeza ua wote wa Mstaafu, kuanzia mlangoni hadi chooni. Kimya. Akarudia. Kimya. Akasema hajawahi kuona kigingi kisicho na bomba. Akafungua ramani. Ramani inasema bomba liko upande wangu, lakini akakiri kwamba ramani ni ya zamani na ndiyo maana wanatembea na kifaa. Nikamuunga mkono kwa nguvu zote. Nikasema ramani za zamani zimewaponza wengi.

Akasema basi aangalie kwangu. Nikamwambia, kama balozi, kwamba kazi nzuri huanzia barabarani. Akakubali, maana ni kweli. Nikampeleka barabarani. Nikampeleka upande wa pili wa barabara. Nikampeleka kwa kinyozi, ambaye alijificha. Nikamnywesha chai kwenye kila genge. Betri ya kifaa ikaisha mkononi mwake akiwa bado anashukuru kwa chai.

Amesema atarudi kesho asubuhi betri ikiwa imejaa. Mpaka hapo, ni marufuku mtu kuchimba kwangu au kwa Mstaafu, hata kwa kijiko. Akaniambia nitangaze. Nikatangaza! Nimepita mtaa mzima nikitaja nyumba yangu mwenyewe kwa kipaza sauti. Nilisema hata kwa kijiko. Mstaafu alipiga makofi.

Mke wangu alinisubiri mlangoni. Akaniuliza kama nimesikia nilichokuwa natangaza. Nikamwambia nimesikia, na sauti ilitoka vizuri.

Ila keshokutwa ndiyo Jumamosi. Mke wangu ametandika kitanda cha mgeni mara mbili leo, na mara zote mbili alibaki amekaa juu yake kwa muda. Siwezi kumwangusha. Kesho nachimba mapema, kabla mkaguzi hajafika. Akija atakuta bwawa, na bwawa lililokwisha chimbwa halichimbwi tena. Hapo marufuku inamhusu nani?

Sululu nimeazima kwa Mstaafu. Nimemwambia ni ya kupigia picha ya kampeni.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Mke wangu aliwahi sokoni. Nikavaa kizibao, mtu akipita ajue ni kazi rasmi. Ndoo ilikuwepo imefunikwa, karibu na ukuta kuliko nilivyokumbuka, tena safi kuliko nilivyoiacha. Nikachagua sehemu iliyo mbali nayo, nikaanza.

Udongo ulikuwa laini ajabu. Sehemu nyingine za ua huu ni mawe matupu, lakini hapa mchanga mtupu, kama umechaguliwa na kuchekechwa. Nikamshukuru Mungu. Nilipofika magotini nikakuta utepe wa bluu umelala kwenye mchanga, mrefu, umeandikwa TAHADHARI BOMBA, TAHADHARI BOMBA, toka mwanzo hadi mwisho. Watu wanatupa takataka popote. Nikaukata nikaukunja vizuri, utafaa kupambia mlango mama akija.

Nikaendelea. Nikainua sululu juu, nikasema moyoni hili ni pigo la mwisho kabla ya kupumzika.

Lilikuwa la mwisho kweli.

Sikujua maji yana nguvu hivyo. Yalininyanyua! Yalipita paa letu, yakakata kamba ya nguo, yakabeba mablanketi yote ya mgeni hadi kwa Mstaafu. Nilikuwa nimekaa kwenye tope na mpini mkononi, sululu yenyewe sijui ilikokwenda. Nikashika kipaza sauti nikatangaza watu wasiwe na wasiwasi. Kikaingia maji kikawa kinakoroma.

Mkaguzi alifika wakati huo huo, kifaa mkononi, betri imejaa. Kifaa kilikuwa kinalia mfululizo. Alinitazama mimi, akatazama kizibao, akatazama maji. Akapiga simu wafunge bomba.

Maji yakakatika. Kilima chote kilikauka. Watu walikuja mmoja mmoja na madumu matupu, wakasimama ukutani wakinitazama. Kinyozi alikuja kwa miguu yake, akaketi kabisa. Kisha akaja mkunga wa zahanati mbio, akasema ana mama anajifungua na bombani hamna hata tone. Pale ndipo niliposikia aibu. Si aibu ya kuchekwa, hiyo nimeizoea. Mstaafu alikuwa na pipa limejaa, amefunika kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Akalitoa lote. Tukalibeba pamoja mpaka zahanati, yeye mbele mimi nyuma. Mtoto amezaliwa salama. Ni wa kike, ana mapafu mazuri, anasikika bila kipaza sauti.

Mke wangu alirudi akatukuta tunateremka. Tulipofika uani nikamwuliza kuhusu ndoo. Akasema alifulia mablanketi juzi, akairudisha mahali ambapo hatajikwaa. Akauliza kwani ndoo ina kazi gani. Sikuwa na jibu ambalo ningelisema mbele ya mkaguzi, lakini mkaguzi hakuondoka, kwa hiyo nililisema. Nikasema na la kigingi. Mstaafu alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akasema vile vijiwe vyeupe alivifuata mbali sana.

Nimeandikiwa mashtaka. Nitalipa faini, na mwezi mzima nitapita mitaa ya jirani kila Jumamosi kuanzia wiki ijayo nikieleza nilichofanya. Kizibao nimevuliwa. Amevaa Mstaafu, kimemkaa kuliko kilivyonikaa.

Mafundi wataziba bomba usiku kucha. Mke wangu anaosha vyombo. Ameazima maji kwa dada yake ili apate ya kuviosha.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe amefika.

Nilimpokea nikiwa nimevaa shati la harusi. Akasimama uani kama kawaida yake. Ua haukuwepo. Kulikuwa na handaki, lundo la mchanga, bomba lililofungwa kibano kipya, mafundi wawili wamejaa tope, na mstari wa rangi ya bluu umekata kutoka barabarani hadi ukuta wa nyuma. Nikasubiri aulize hapa mtu anakaa wapi.

Akaomba kiti. Akakaa ukingoni mwa handaki. Akawauliza mafundi kilichotokea, nao bila haya wakamweleza yote, na la utepe wa kupambia mlango pia. Mama mkwe akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia, nikamtazama mke wangu. Kumbe mama anacheka. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka, akawafanya mafundi warudie ile sehemu ya kipaza sauti. Kisha akaanza kuwasimamia, hapa pashindilieni, pale mmeacha shimo. Wakamtii.

Akaniuliza bwawa lilikuwa la nini. Nikamwambia ni lake, kwa ajili ya samaki. Akauliza samaki wako wapi. Nikaenda kuleta beseni nikaliweka miguuni pake. Aliinama akawatazama muda mrefu. Akachovya kidole wakaja kukidonoa. Sauti ikamlainika ile ile. Akasema baba yake naye alianza na beseni, na kwamba beseni lingetosha.

Baadaye akatoa uamuzi. Anakaa kwetu, si miezi miwili, hadi mwisho wa mwaka. Akasema kwa dada mkubwa kila kitu kipo sawa na hakuna cha kutazama, na kwamba hawezi kumwacha binti yake peke yake na mtu kama mimi.

Mke wangu aliingia ndani ghafla. Nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mgeni analia kwa furaha, akanivuta shati la harusi akajifutia machozi. Vyombo vilikuwa vichafu na hakuna aliyevigusa. Sijawahi kuona vyombo vizuri kama vile.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala, nimeamka, nimefikiri. Hesabu iko wazi. Nilitaka mama akae, mama amekaa. Bila mpango wangu angekuwa kwenye vigae sasa hivi. Mpango umefaulu. Nimemweleza mke wangu hivyo. Akanitazama, akaenda kumpelekea mama yake chai.

Tatizo moja dogo. Mama mkwe anashinda kwenye kiti chake na jua linampiga utosini. Anahitaji kibaraza, nguzo nne tu na bati juu. Mstaafu alipita na kizibao akanikumbusha nipige simu, nisubiri rangi. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba bomba nimeliheshimu, rangi yake naiona, nguzo zangu zitakuwa upande wa mbele kabisa. Akatikisa kichwa akaenda kumwagia maji vijiwe vyake.

Upande wa mbele kuna kigingi kingine, chekundu, nilikuwa sijakitilia maanani. Hakina neno lolote kuhusu maji. Kina picha ya radi. Pengine ni cha watu wa hali ya hewa. Kimekaa pale pale nguzo ya kwanza inapotakiwa kusimama, kwa hiyo kesho nitakisogeza kidogo, Mstaafu akishaenda doria.

Ila nimejifunza, sirudii kosa. Ndoo si alama, mtu yeyote anaihamisha. Safari hii pale kilipokuwa kigingi nitaweka kiti cha mama mkwe. Yule akishakaa hahamishwi na mtu.